Mtabibu wa wanamichezo: Husomea darasani, huivia uwanjani

Mei 29, 2018, wachezaji wa Chuo Kikuu cha Maryland nchini Marekani walikuwa kwenye mazoezi ya kujenga pumzi. Hawa walikuwa wachezaji wa mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Walitakiwa kukimbia mbio fupi za yadi 110, sawa na mita 100 hivi, wapumzike kidogo, kisha warudie. Miongoni mwao alikuwa Jordan McNair, kijana wa miaka 19 mwenye mwili mkubwa kama nafasi yake uwanjani ilivyotaka.

McNair alizidiwa mbioni. Alipofikishwa hospitali joto la mwili wake lilikuwa limefika nyuzi 41. Alifariki dunia Juni 13, wiki mbili baadaye. Kilichomuua ni kiharusi cha joto.

Chuo kiliagiza uchunguzi kutoka nje. Ripoti yake ilionyesha kwamba kijana yule hakupimwa joto la ndani ya mwili pale uwanjani, wala hakuzamishwa kwenye maji ya barafu. Tangu dalili zianze hadi gari la wagonjwa linaondoka chuoni, ilipita saa moja na dakika 39. Agosti mwaka huo rais wa chuo alikiri hadharani kwamba chuo kinabeba dhamana ya kisheria na ya kimaadili, na mwaka 2021 familia ilikubali fidia ya dola milioni 3.5.

Kinachouma zaidi ni kwamba watu waliosomea kazi hiyo walikuwepo. Maji hayakukosekana, barafu haikukosekana. Kilichokosekana ni mtu mmoja kusema ndani ya dakika chache, "Mleteni hapa, mzamisheni," na mikono minne au sita kufanya hivyo bila kubishana.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinajibu swali ambalo mzazi yeyote angeuliza akisikia kwamba mwanaye anataka kusoma miaka sita chuo kikuu ili awe mtu wa kusimama kando ya uwanja akiwa na mkoba. Miaka sita ya nini? Ya hizo dakika chache. Na ubishi mkubwa ndani ya taaluma yenyewe, kwa zaidi ya nusu karne, umekuwa juu ya namna ya kumwandaa mtu asigande zinapofika.

Jina linalochanganya

Ukilitafsiri jina lao la Kiingereza neno kwa neno, utapata kitu kama "mkufunzi wa riadha". Ndiyo maana hata Wamarekani wengi huwachanganya na makocha wa jimu. Sivyo walivyo. Hawa ni watumishi wa afya wanaofanya kazi kwa kushirikiana na daktari na chini ya maelekezo yake. Kazi yao ni kuzuia majeraha, kutambua tatizo, kutoa huduma ya dharura, kutibu, na kumrudisha mchezaji uwanjani hatua kwa hatua. Katika makala haya nitawaita watabibu wa wanamichezo.

Hapa kwetu kazi hiyo imegawanyika. Timu kubwa huwa na daktari wa timu, mtaalamu wa fiziotherapia na mchua misuli. Timu ndogo huwa na mchua misuli peke yake, ndoo ya maji na chupa ya dawa ya kupuliza. Mtabibu wa wanamichezo wa Marekani yuko katikati ya hao wote: anajua dharura kuliko mtaalamu wa fiziotherapia wa kawaida, hajasoma tiba kwa upana kama daktari, na tofauti na hao wawili, yuko uwanjani kila siku. Anaijua timu. Anajua nani hujifanya mzima ili asikose mechi.

Chama chao cha kitaifa, NATA, kilianzishwa mwaka 1950 mjini Kansas City. Chama cha Madaktari cha Marekani kiliitambua kazi hii kuwa taaluma ya afya mwaka 1990. Miaka 40 ya kusubiri, na sehemu ya sababu ilikuwa mafunzo. Kwa muda mrefu mtu aliweza kuingia kwenye taaluma kwa mlango wa uanagenzi: anasoma shahada yoyote iliyo karibu, anafanya kazi saa 1,500 chini ya mtabibu mwenye cheti, kisha anakalia mtihani. Mlango huo ulifungwa mwanzoni mwa mwaka 2004.

Walioufunga walikuwa na hoja nzuri. Saa 1,500 ni nyingi, lakini saa haisemi mtu alifanya nini ndani yake. Mwanagenzi angeweza kuzimaliza akijaza chupa za maji, akifunga vifundo vya miguu kwa plasta na kubeba meza, bila kuona hata mara moja bega lililochomoka. Waliopinga nao hawakuwa wajinga. Walisema ukimweka kijana darasani sana, utapata mtu anayejua kila jina la msuli na anaogopa kumgusa mgonjwa. Nikiangalia mfumo ulivyo leo, naona kila upande ulishinda nusu.

Anachosoma

Mwaka 2015 viongozi wa taaluma waliamua kwamba shahada ya kuingilia kazini iwe ya uzamili. Vyuo vilivyokuwa vikiifundisha kwa shahada ya kwanza vilipigwa marufuku kupokea wanafunzi wapya wa ngazi hiyo kuanzia muhula wa vuli wa mwaka 2022. Kwa hiyo mtu husoma kwanza shahada ya miaka minne, mara nyingi ya sayansi ya mazoezi au baiolojia, kisha miaka miwili ya uzamili. Viko vyuo vinavyounganisha hatua hizo mbili kuwa miaka mitano.

Kabla ya kuingia lazima awe amesoma baiolojia, kemia, fizikia, saikolojia, anatomia na fiziolojia katika ngazi ya chuo. Aliyeitupa fizikia alipofika kidato cha tatu atakutana nayo tena huko, maana nguvu zinazopita kwenye goti la mtu anayegeuka ghafla ni hesabu za fizikia tu.

Akishaingia, somo la kwanza lenye uzito ni kuchunguza mwili. Hapa ndipo wengi hugundua kwamba kujua jina la kitu na kukipata kwa kidole ni vitu viwili. Chukua kifundo cha mguu, jeraha la kawaida kuliko yote michezoni. Mchezaji ameteguka, mguu umevimba, anagugumia. Je, apelekwe kupigwa picha ya eksirei au hapana? Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni mwaka 1992 ambazo bado hufundishwa: bonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa wa nje wa kifundo, kisha wa ndani, kisha sehemu mbili maalumu za wayo, ya nje na ya ndani, na umwombe mgonjwa apige hatua nne. Kama kuna maumivu juu ya mfupa wenyewe mahali hapo, au hawezi hizo hatua nne, apelekwe. Kama hakuna, uwezekano wa mfupa kuvunjika ni mdogo sana.

Kanuni hiyo inaandikika kwenye kiganja. Lakini mwanafunzi hubonyeza vifundo vya wenzake mara nyingi kabla vidole vyake havijatofautisha mfupa na kano iliyo pembeni yake. Goti ni gumu zaidi. Kuna kipimo cha kushika paja kwa mkono mmoja na mguu wa chini kwa mwingine, goti likiwa limekunjwa kidogo, na kuuvuta mguu mbele ili kuhisi kama ligamenti ya ndani ya goti, ile inayoitwa ACL, imekatika. Kinachotafutwa ni kule "kusimama" kwa ghafla ambako ligamenti nzima hutoa. Hakuna kitabu kinachoweza kukueleza kunavyohisika. Na kwa mchezaji aliyeumia, nafasi nzuri ya kukipima ni dakika chache za kwanza, kabla goti halijajaa na misuli haijakaza.

Kisha huja mambo ambayo msomaji hatarajii kuyakuta kwenye shahada ya michezo: dawa na madhara yake, lishe, kupima sukari kwa mchezaji mwenye kisukari, kumsaidia mwenye pumu, kufunga vidonda, kumtambua mchezaji mwenye sonona na kumfikisha kwa mtaalamu, hata kumsaidia aliyezidisha dawa za kulevya. Kuna mtikisiko wa ubongo, ambao umekuwa somo zima peke yake, kwa sababu mchezaji aliyegongwa kichwa mara nyingi husema yuko sawa, na anayemjua tu ndiye hutambua kwamba majibu yake yamechelewa kwa sekunde moja. Kuna jinsi ya kumtuliza aliyeumia shingo, watu kadhaa wakimgeuza kwa pamoja kwa sauti ya aliyeshika kichwa. Na kuna moyo uliosimama.

Hilo la mwisho dunia ililiona Januari 2, 2023, mjini Cincinnati. Damar Hamlin wa Buffalo Bills alipigwa kifuani kwenye mgongano wa kawaida kabisa, akasimama, akaanguka. Msaidizi wa mtabibu wa timu, Denny Kellington, alianza kumkandamiza kifua palepale kwenye nyasi, na mashine ya kushtua moyo ikatumika. Hamlin alipona na akarudi kucheza. Kukandamiza kifua ni jambo ambalo hata mwalimu wa shule ya msingi anaweza kufundishwa katika alasiri moja. Kulifanya mbele ya watu elfu sitini, kwa mtu ambaye umekuwa ukimfunga plasta kila asubuhi, ni jambo lingine.

Fildi yao

Wanafunzi wa vyuo vyetu husema wanakwenda "fildi". Kwa hawa wa Marekani, fildi inaanza mapema na haiishi hadi wahitimu. Tume inayohakiki vyuo vyao, CAATE, inataka kila mwanafunzi apewe mlezi, yaani mtaalamu mwenye leseni ambaye yupo mahali pale kwa mwili wake na anaweza kuingilia kati. Si mlezi wa kupigiwa simu.

Mwanafunzi huanza kwa kutazama. Kisha mlezi humwambia, "Mchunguze wewe, mimi nasikiliza." Kisha humwachia amwandikie mchezaji mpango wa utengamao wa wiki sita, na yeye huusoma tu. Uhuru huongezwa kadiri mkono unavyoaminika. Mlezi mzuri ni yule anayejua kunyamaza. Anaona mwanafunzi amesahau kuupima mguu mzima kabla ya ule ulioumia, anangoja, na baadaye pembeni anamuuliza, "Ulijuaje kwamba goti lake limelegea, kama hukujua la upande wa pili liko vipi?"

Kila mwanafunzi lazima apitie kipindi kimoja, angalau, cha wiki nne mfululizo ambapo hana darasa. Anaishi ratiba ya mlezi wake: asubuhi kwenye chumba cha tiba, mchana mazoezini, jioni mechi, usiku kumbukumbu za wagonjwa. Sababu ya kuweka kipindi hicho ni rahisi. Mwanafunzi anayekuja saa tatu na kuondoka saa sita huona jeraha linapotokea, lakini haoni mgonjwa akipona. Au asipopona.

Pia hawezi kukaa na timu moja ya wavulana wenye misuli hadi ahitimu. Anatakiwa ahudumie wanawake na wanaume, watoto wa shule na watu wazima, na hata watu wasio wanamichezo kabisa, kwenye kliniki, viwandani au jeshini. Kwa matukio ambayo ni bahati mbaya kuyapata, kama moyo kusimama, vyuo hutumia midoli maalumu, au mtu mzima anayeigiza ugonjwa kwa maelekezo. Huwezi kungoja mchezaji afe nusu ili mwanafunzi ajifunze.

Yale malalamiko ya zamani ya kumfanya mwanafunzi kibarua hayajaisha. Kanuni ziliwekwa: awe na angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na asitumiwe kuziba pengo la mwajiriwa. Kanuni zinasaidia. Lakini timu yenye wachezaji 100 na watabibu wachache itakuwa na kishawishi siku zote, na mwanafunzi anayehitaji alama nzuri kutoka kwa mlezi si mtu wa kulalamika kwa sauti.

Mwisho wa yote ni mtihani wa bodi ya uthibitisho, BOC: maswali 175 ndani ya saa nne, kwenye kompyuta. Zamani mtihani ulikuwa na sehemu ya vitendo, mbele ya watahini. Sasa haipo. Mimi naona kuna kitu kilipotea hapo, ingawa watetezi wake husema vitendo hupimwa na chuo na walezi kwa miaka miwili mfululizo, na hiyo ni haki zaidi kuliko siku moja ya hofu.

Beseni la barafu

Turudi kwenye joto, maana ndipo mafunzo haya yanapopimwa bila huruma.

Kiharusi cha joto cha mazoezini ni pale joto la ndani la mwili linapopita nyuzi 40 na ubongo ukaanza kuyumba: mchezaji anapepesuka, anaongea ovyo, anakuwa mkali bila sababu, au anazimia. Anaweza kuwa anatoka jasho jingi. Wale wanaongoja ngozi iwe kavu ndipo waamini, wanangoja kupita kiasi. Kipimajoto cha kwapani, mdomoni, sikioni au kwenye paji la uso hakiaminiki kwa mtu aliyetoka kukimbia. Kinachoaminika pale uwanjani ni cha njia ya haja kubwa. Hapo ndipo mafunzo ya darasani hukutana na aibu ya kibinadamu. Mwanafunzi anajua anachopaswa kufanya, na mbele yake kuna kijana mzima, wenzake wanatazama, kocha anapiga kelele. Ndiyo maana vyuo humfanyisha mazoezi ya tukio zima: nani anashika shuka la kumsitiri, nani anaita gari la wagonjwa, nani anaweka kipimo, nani anakoroga barafu.

Kanuni ni moja: mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Azamishwe hadi shingoni kwenye maji ya barafu, maji yakorogwe, na mtu amshike chini ya makwapa kwa taulo au shuka asizame. Joto lishuke hadi karibu nyuzi 39 ndipo atolewe na kupelekwa hospitali. Lengo ni kuyafanya hayo ndani ya nusu saa tangu alipoanguka.

Je, inafanya kazi? Huko Falmouth, jimbo la Massachusetts, kuna mbio za barabarani za maili saba, zaidi kidogo ya kilomita 11, zinazokimbiwa kila Agosti tangu 1973, na Wakenya wamezishinda mara nyingi. Agosti pale ni joto na unyevu. Watafiti walipokusanya kumbukumbu za miaka 18 za hema la tiba la mbio hizo, walikuta wagonjwa 274 wa kiharusi cha joto. Waliopimwa vizuri, wakazamishwa kwenye barafu haraka. Hakufa hata mmoja.

Weka 274 wa Falmouth kando ya mmoja wa Maryland. Maarifa yalikuwa yaleyale. Falmouth wanafanya kitu hicho kila mwaka, mikono imezoea, mabeseni yamejazwa kabla mkimbiaji wa kwanza hajafika. Taasisi iliyobeba jina la Korey Stringer, mchezaji wa Minnesota Vikings aliyekufa kwa joto Agosti 1, 2001, ipo Chuo Kikuu cha Connecticut tangu 2010, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kuwakumbusha watu jambo ambalo tayari wanalijua.

Wamarekani wenyewe hawajamaliza. Uchunguzi wa taasisi hiyo uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba karibu theluthi moja ya shule za sekondari nchini humo hazikuwa na mtabibu wa wanamichezo wa aina yoyote.

Kwa mwalimu wa michezo anayesoma hapa, na ambaye msimu wa UMISSETA atakuwa na vijana wake juani saa nane mchana: hahitaji shahada ya uzamili ili kumpoza mtu. Pasipo beseni kubwa, turubai linatosha. Mlaze mgonjwa katikati, watu washike kingo zote ziinuke kama mtumbwi, mwaga maji na barafu, tikisa. Barafu ya wauza samaki inapoza sawasawa na nyingine yoyote. Muhimu iwepo uwanjani kabla ya filimbi, siyo kutumwa kijana na bodaboda wakati mtu ameshaanguka.

Selimundu na vijana wetu wanaokwenda huko

Wanariadha wa Afrika Mashariki wamepita kwenye mikono ya watabibu hawa kwa miaka mingi. Suleiman Nyambui alisoma Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, na aliiletea Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000 kule Moscow mwaka 1980. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, mwaka 1978. Paul Ereng alitoka Chuo Kikuu cha Virginia akachukua dhahabu ya mita 800 mjini Seoul, 1988. Wengine wanaendelea kwenda kila mwaka kwa ufadhili wa michezo.

Jambo moja huwashangaza wakifika: wanaulizwa kuhusu selimundu. Hawaulizwi kama wanaumwa, wanaulizwa kama wamebeba kinasaba kimoja cha ugonjwa huo kutoka kwa baba au mama. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu, na kwa hiyo watu wazima wengi wamebeba kinasaba kimoja bila kujua, kwa kuwa hakiwaumizi katika maisha ya kawaida.

Shida huja kwenye mazoezi ya kulazimisha mwili hadi mwisho. Septemba 2006, Dale Lloyd, mwanafunzi wa miaka 19 wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, alianguka baada ya mbio za kurudiarudia na akafa kesho yake. Alikuwa na kinasaba hicho na hakujua. Baada ya kesi ya familia yake, chama cha michezo ya vyuo vikuu, NCAA, kilianza mwaka 2010 kuwataka wachezaji wa daraja lake la kwanza wajue hali yao.

Mwanafunzi wa utabibu wa wanamichezo hufundishwa kutofautisha matatizo haya mawili kwa macho, na mzazi naye si vibaya ajue. Mwenye kukakamaa kwa joto hupiga kelele, na msuli wake unaonekana umejikunja kama jiwe. Mwenye tatizo la kinasaba cha selimundu huishiwa nguvu tu. Miguu inalegea, anakaa au kuanguka taratibu, misuli kwa nje inaonekana kawaida, na mara nyingi bado anaongea. Hutokea mapema, hata dakika chache tangu kuanza, hata siku isiyo na joto. Kocha asiyejua humwona mvivu na kumwambia amalizie. Ndani ya mwili, chembe nyekundu zimejikunja kama mundu na kuziba njia za damu, misuli inaanza kufa, na sumu yake inaelekea kwenye figo na moyo. Hapo ni kusimamisha kila kitu, kumpa oksijeni ikiwapo, na kukimbilia hospitali.

Kuwa na kinasaba hicho si sababu ya kuacha michezo. Ni sababu ya kuongeza mazoezi polepole, kupumzika kati ya mbio, kunywa maji, na kutokimbizwa kupita uwezo siku ya kwanza baada ya likizo.

Kwa anayetaka kuisomea

Kijana wa kidato cha sita anayevutiwa na kazi hii afikirie mambo mawili kabla ya ada. La kwanza, hapa nyumbani njia iliyo karibu nayo ni fiziotherapia, ambayo inafundishwa kwa mfano KCMC mjini Moshi na katika vyuo vya KMTC nchini Kenya. Mtu anaweza kuanzia hapo, akajiongezea kozi za dharura za michezo, na akawa na kazi inayotambulika kila hospitali.

La pili, akiamua kwenda Marekani, ahakikishe chuo kiko kwenye orodha ya CAATE. Bila hivyo hawezi kukalia mtihani wa BOC. Cheti cha BOC kina makubaliano ya kutambuana na wenzao wa Kanada na Ireland. Kwa Afrika Mashariki aulize baraza la taaluma yake mapema, kwa maandishi, kwamba akirudi atasajiliwa kama nani. Akiongea na chuo, asiulize majengo. Aulize walezi wa fildi ni wangapi, wanafunzi wangapi kwa kila mlezi, na wahitimu wa miaka ya karibuni walifaulu mtihani mara ya kwanza kwa kiwango gani. Vyuo vilivyohakikiwa vinatakiwa kuyaweka matokeo hayo hadharani.

Na kwa anayekwenda kukimbia au kucheza tu, apimwe selimundu hapa nyumbani kabla ya safari. Ni damu kidogo, na karatasi ya majibu ikae pamoja na pasipoti na kadi ya chanjo.